Nimekwenda hospitali mara mbili kwa maumivu ya kichwa, lakini nahisi tatizo langu ni sonona. Nimwambie nini daktari?

Mwalimu wa Mlimani:

Assalaam alaykum na habari zenu nyote. Shikamoo kwa walio wakubwa zangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Nina umri wa miaka 38, nina mke na watoto watatu. Ni mwezi wa nne sasa tangu mambo yangu yaanze kwenda kombo, na kwa kuwa sijafiwa, sijafukuzwa kazi, wala sidaiwi kiasi cha kukosa usingizi, nashindwa hata kuwaeleza watu ninachoumwa. Naamka saa tisa usiku bila kushtuliwa na kitu chochote, kisha nakaa macho mpaka adhana ya alfajiri. Chakula nakila kwa kumwogopa mke wangu tu. Madaftari ya darasa la sita yamerundikana chini ya meza tangu wiki tatu zilizopita, nami niliyekuwa nikisahihisha siku hiyohiyo sasa nikiyatazama naona uzito kama wa mtu aliyeambiwa ahamishe mlima. Juzi nilikaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, mpaka mke wangu akaja kuniuliza kama nasubiri gari.

Mara ya kwanza nilikwenda kituo cha afya, nikamwambia tabibu kwamba kichwa kinauma na mwili umechoka. Nilipimwa malaria na mkojo, vipimo havikuonyesha kitu, nikapewa panado. Mara ya pili nilikwenda hospitali nyingine. Chumbani walikuwamo wanafunzi wawili wa mafunzo ya vitendo, na mama mmoja aliingia kuulizia faili lake wakati nikiwa nazungumza. Daktari aliniuliza kama kuna jambo lingine linalonisumbua. Nikasema hakuna. Nilikuwa nalo, ila halikutoka.

Mama mkwe anashauri nisomewe kisomo, nami sikatai. Rafiki yangu mmoja anasema nikienda kwa madaktari wa akili nitapelekwa Mirembe, nitapewa dawa za kunilaza kutwa nzima, na shuleni habari itafika kabla sijarudi. Naomba anayefahamu anieleze: nianzie wapi, nimwambie nini daktari, na nini hufuata baada ya hapo?

Muuguzi Mstaafu:

Waalaykum salaam, mwanangu, na marahaba. Nimefanya kazi katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya mkoa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kisa chako nimekisikia kwa sauti nyingi. Siwezi kukupima kwa maandishi, lakini uliyoyaandika hapa ndiyo hasa uliyopaswa kumwambia yule daktari, pamoja na hicho kiatu. Watu wetu wengi huingia chumba cha daktari wakiwa wamebeba kichwa, mgongo, tumbo au moyo unaokwenda mbio, kwa sababu hayo hayana aibu, na daktari mwenye wagonjwa sitini mlangoni hutibu alichoonyeshwa. Simlaumu kabisa, wala sikulaumu wewe.

Nianze na neno lenyewe. Huku kwetu hospitalini tunasema sonona. Wenzetu wa Kenya wengi husema unyogovu au mfadhaiko, hivyo ukisoma makala za huko usidhani ni ugonjwa mwingine. Mtaani kila kitu huitwa msongo wa mawazo, na hapo ndipo watu hupotea. Msongo una mzigo unaoonekana: ada, kesi, mgonjwa nyumbani, mzigo ukishushwa, mtu hupumua. Sonona inaweza kuja na mzigo au bila mzigo wowote, na mara nyingine mzigo huondoka, sonona yenyewe ikabaki. Tunaanza kuifikiria pale mtu anapokuwa na huzuni, au anapopoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, kwa muda usiopungua wiki mbili, huku usingizi, hamu ya chakula, nguvu, umakini na namna anavyojithamini vikiwa vimeharibika pia. Wewe umetaja miezi minne. Hujakurupuka.

Kuhusu mahali pa kuanzia, huna haja ya kumtafuta daktari bingwa moja kwa moja. Nenda hospitali ya wilaya au hospitali ya rufaa ya mkoa, chukua kadi kama mgonjwa mwingine yeyote, kisha omba kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Hospitali nyingi za mkoa zina kitengo hicho, hata kama ni chumba kimoja na muuguzi mmoja mwenye mafunzo. Ukielekezwa kwanza kwa daktari wa wagonjwa wa nje, mwambie yeye. Anaweza kuanza matibabu au kukupa rufaa.

La kusema ni hili. Chukua nusu karatasi, uandike nyumbani ukiwa umetulia: shida ilianza lini, unalala na kuamka saa ngapi, unakula vipi, nini ulikuwa unakipenda na sasa hukitaki, kazi imeathirika vipi, dawa zote unazotumia, zikiwamo za mitishamba, na kama unakunywa pombe, kiasi gani. Ukiketi, mpe karatasi hiyo kabla hajakuuliza. Kama chumbani kuna watu, sema kwa adabu, "Daktari, naomba tuzungumze faragha, jambo langu si la kichwa peke yake." Hiyo ni haki yako, wanafunzi hutolewa nje kila siku na hawachukii.

Jambo moja hukuliandika, nami nitakuuliza waziwazi kama nilivyowauliza wagonjwa wote. Je, umewahi kufikiria kwamba heri ungekufa, au kujidhuru? Kumuuliza mtu swali hili hakumtii wazo hilo kichwani, kwa hiyo usiogope kunijibu.

Mwalimu wa Mlimani:

Nashukuru sana, mama. Nimesoma swali lako la mwisho nikafunga simu, kisha nikarudi. Mara mbili au tatu, saa tisa hizo za usiku, nimewaza kwamba ningelala nisiamke ingekuwa nafuu kwa kila mtu. Sijapanga kitu chochote, na watoto wangu nawapenda. Sijamwambia mtu hilo mpaka leo.

Muuguzi Mstaafu:

Umefanya vema kulisema, mwanangu. Sasa mambo mawili. Mwambie mke wako leo hii, kwa maneno hayahayo uliyoniandikia, na umwombe mwende pamoja hospitali wiki hii, si mwisho wa mwezi. Pili, kama wazo hilo litabadilika kuwa mpango, au ukahisi huwezi kujizuia, usisubiri siku ya kliniki: nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu muda huohuo, usiku au mchana, ukiwa na mtu. Nyumbani, dawa za kuulia wadudu wa shamba na dawa za hospitali zilizobaki zihifadhiwe na mtu mwingine, mahali usipopajua wewe. Hiyo ni tahadhari tu, kama vile kumwondolea funguo za pikipiki mtu mwenye kizunguzungu.

Mzee wa Pangani:

Mwalimu, pole sana. Mimi nina umri mkubwa na nitasema nilivyoona. Zamani mtu akipatwa na simanzi aliketishwa barazani, akapewa kazi ya mikono, akasomewa, na majirani hawakumwacha peke yake hata usiku. Leo kila jambo ni kidonge. Nina mpwa wangu aliyepewa vidonge vya usingizi miaka kumi iliyopita, na mpaka sasa hawezi kulala bila kuvimeza, akivikosa anatetemeka. Dua na watu wako wa karibu vinatosha. Hayo ya vidonge yaangalie kwa makini.

Mfamasia wa Barabara ya Kumi:

Shikamoo, mzee. Hilo la mpwa wako ni kweli kabisa na linasikitisha, lakini ruhusa yako niitenganishe dawa aliyopewa na dawa zinazotibu sonona, maana kuchanganya hizi mbili kumewazuia wengi kupata tiba.

Vidonge vinavyoleta hali uliyoieleza, mara nyingi ni diazepamu, ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la valiamu. Huleta usingizi na utulivu kwa muda mfupi, mwili huizoea ndani ya wiki chache, na kuiacha ghafla baada ya kuizoea ni hatari. Haitibu sonona. Nimewahi kusimama nyuma ya kaunta nikaombwa valiamu na mtu mwenye dalili zote alizozitaja Mwalimu, naye aliniambia alishaitumia miezi sita kwa kuazima kutoka kwa jirani.

Dawa za sonona ni kundi jingine. Mbili zinazopatikana zaidi katika hospitali zetu ni fluoksetini na amitriptilini. Fluoksetini humezwa mara moja kwa siku, kwa kawaida asubuhi, na kwa mtu mzima huanzia miligramu 20. Siku za mwanzo inaweza kuleta kichefuchefu, kichwa kuuma au hali ya kutotulia, ambayo kwa wengi hupungua baada ya wiki moja au mbili. Amitriptilini humezwa usiku kwa sababu inaleta usingizi. Inakausha mdomo, inafunga choo, na haifai kwa baadhi ya wenye maradhi ya moyo, ndiyo maana daktari atauliza kuhusu moyo wako kabla ya kuiandika. Hizi hazimfanyi mtu azitamani wala kuongeza dozi ili apate raha ileile. Ila zisiachwe ghafla. Hupunguzwa kwa maelekezo ya daktari.

Linalowashinda wengi ni subira. Panado hufanya kazi ndani ya saa moja, nasi tumezoea hivyo. Dawa hizi huanza kuonyesha manufaa baada ya wiki mbili hadi nne, pengine sita, wakati madhara madogo huja siku ya pili. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mgonjwa anaona ubaya wa dawa bila kuona uzuri wake, na hapo ndipo anapoitupa. Katika kipindi hichohicho, akiona mawazo ya kujidhuru yanaongezeka, hasa kama ni kijana, arudi hospitali mara moja bila kungoja tarehe.

Na mzee, baraza lako silipingi hata kidogo. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari bingwa Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa Mbare, mjini Harare, kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Washona wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, jambo ambalo hata sisi tunalisema hivyohivyo. Akina bibi wale hawatoi vidonge. Humsaidia mtu achague tatizo moja kati ya mengi na hatua moja ya kulikabili, kisha arudi kusema imekwendaje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, baada ya miezi sita, waliopitia benchi lile walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hilo ni baraza lenye mafunzo. Kwa sonona isiyo kali, mazungumzo ya namna hiyo yanaweza kutosha bila dawa. Ikiwa kali, vyote viwili huenda pamoja.

Mzee wa Pangani:

Marahaba. Sikujua kuwa ni dawa mbili tofauti. Nitamuuliza mpwa wangu jina la vidonge vyake.

Dada wa Temeke:

Kaka Mwalimu, mimi niliugua baada ya kujifungua mtoto wa pili. Wakati huo niliambiwa ni uchovu wa uzazi, nikaamini, mpaka nilipojikuta namsikia mtoto analia chumba cha pili nami sina haja ya kuinuka. Sitaeleza yote, nitakupa yale ambayo ningependa mtu angeniambia.

Siku ya kwanza daktari hataanza na dawa, ataanza na maswali, na mengine yatakushangaza. Aliniuliza kama nimewahi kuwa na kipindi cha kulala saa mbili tu bila kuchoka, nikiongea sana na kutumia fedha ovyo. Nilidhani ananidhihaki. Baadaye alinieleza kwamba kuna wagonjwa ambao sonona yao ni upande mmoja wa ugonjwa wenye pande mbili, na hao wakipewa dawa ya sonona peke yake wanaweza kupandishwa upande wa pili. Nilipimwa pia wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi iliyolegea vinaweza kumchosha mtu na kumzimisha vivyo hivyo.

Kosa langu lilikuja baadaye. Mwezi wa tatu wa dawa nilijisikia mzima kabisa, nikaona aibu kuendelea kumeza vidonge, nikaacha bila kumwambia mtu. Kabla ya miezi miwili kwisha nilikuwa nimerudi kulekule, na safari hii mume wangu ndiye aliyenibeba hadi hospitali. Daktari hakunifokea. Aliniambia dawa huendelea kwa miezi kadhaa baada ya nafuu, kwa kawaida si chini ya sita na mara nyingi hukaribia mwaka, ili ugonjwa usipate mwanya. Nilikuwa nimeambiwa hivyo tangu siku ya kwanza, ila siku ile sikuwa na kichwa cha kusikia. Nenda na mkeo, yeye atasikia kwa niaba yako.

Na ukikutana na mhudumu asiyejua, kama nilivyokutana naye mimi mara ya kwanza, akakuambia ufanye mazoezi na uache kuwaza, mshukuru na utafute mwingine. Usihesabu kwamba umeshakwenda hospitali ikashindikana.

Mwalimu wa Mlimani:

Dada, asante kwa ukweli wako. Nimemwambia mke wangu. Alilia kidogo, kisha akasema alishaona tangu nilipoacha kuwafokea wanafunzi wa timu ya mpira. Swali langu lililobaki ni kuhusu Mirembe na kuhusu mwalimu mkuu.

Muuguzi Mstaafu:

Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma, na jina lake limegeuzwa tusi mtaani kwa miaka mingi, jambo ambalo huniudhi, maana nimewaona watu wakitoka pale na kurudi kazini. Lakini wewe humo huna safari. Wagonjwa wengi wa sonona hutibiwa wakitokea nyumbani, kwa kuhudhuria kliniki. Kulazwa ni kwa yule ambaye uhai wake uko hatarini, aliyeacha kula na kunywa, au anayeona na kusikia yasiyokuwapo, na hata huyo mara nyingi hulazwa kwenye hospitali ya mkoa wake.

Kuhusu shule, maelezo yako ni siri ya mgonjwa. Ukihitaji mapumziko, daktari atakuandikia cheti chenye idadi ya siku, na unaweza kumwomba asiandike jina la ugonjwa. Mwalimu mkuu anahitaji kujua kwamba unaumwa na unatibiwa, hana haja ya kujua zaidi ya hapo. Ukiwa naye karibu na ukamwamini, kumwambia kunaweza kukupunguzia vipindi, lakini hilo ni hiari yako, na si la kuamua ukiwa bado unaamka saa tisa.

Kisomo chako nenda. Msomaji akikutaka uache dawa, hapo ndipo umkatalie.

Mwalimu wa Mlimani:

Narudi baada ya wiki tatu, kama nilivyoahidi kwa mama muuguzi.

Tulikwenda Jumanne, mimi na mke wangu. Nusu karatasi ilijaa pande zote mbili. Daktari alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mimi, naye aliisoma yote bila kuinua kichwa, akainuka mwenyewe kufunga mlango. Alitoa fomu ya maswali tisa kwa Kiswahili, kila swali likiuliza jambo fulani limenisumbua kwa siku ngapi katika wiki mbili zilizopita, na majibu yake ni kuanzia sifuri hadi tatu. La tisa ni lile ulilokwisha kuniuliza, mama. Safari hii nililijibu bila kufunga kitu. Jumla ilikuwa 16 kati ya 27. Alisema namba hiyo ni kama kipimajoto, inaonyesha homa ipo kwa kiasi gani, lakini yeye bado anapaswa kuzungumza nami ndipo aseme ni nini. Tulizungumza kama dakika arobaini. Damu na sukari viko sawa, jibu la tezi bado.

Ameniandikia fluoksetini miligramu 20 kila asubuhi baada ya chai, na kila Alhamisi nakutana na mshauri nasaha wa hapohapo hospitalini. Vidonge anavitunza mke wangu. Kichefuchefu kilinishika siku nne, kikaisha. Leo ni siku ya kumi na tisa. Siwezi kusema nimepona, furaha bado sijaiona, lakini tangu Jumamosi naamka saa kumi na nusu badala ya saa tisa, na jana nilisahihisha madaftari kumi na mawili kati ya hamsini na moja. Mshauri ndiye aliyenitaka nianze na kumi tu. Hayo mawili ya ziada yalikuwa ya kwangu.

Nina swali moja. Mwezi wa Ramadhani uko karibu. Nikifunga, dawa hii ya asubuhi nitaifanyaje?

Muuguzi Mstaafu:

Alhamdulillahi, mwanangu. Kwa kuwa ni dawa ya mara moja kwa siku, wengi wa wagonjwa wangu waliihamishia wakati wa daku, na waliosumbuliwa na tumbo waliimeza baada ya kufuturu, ilimradi iwe wakati uleule kila siku na siku isirukwe. Mwulize daktari kwenye kliniki ijayo kabla ya kubadilisha, maana yeye ndiye anayejua kama mwili wako uko tayari kufunga mwaka huu. Kama daku itakukata usingizi ulioanza kurudi, mwambie na hilo pia. Na jibu la tezi likitoka, tuletee.